Mukarrar ya Tufani

Mume wangu ni mshairi mbovu. Nasema mapema ili asije mtu akanilaumu kwamba nilificha. Nimekaa na mashairi yake nyumba moja miaka thelathini na mmoja, nayajua kuliko anavyoyajua mwenyewe.

Wazazi wake walimwita Abdul Wadud. Lakini kwetu Malegaon, hapa India, mtu akiandika mistari miwili tu hujichagulia jina la kalamu, naye akajiita Tufani. Tufani gani! Mtu anayekimbia mende, anayemwomba radhi mbuzi akimkanyaga. "Baba wee," nilimwambia mwezi wa kwanza wa ndoa, "tufani yenyewe ndiyo hii?" Akacheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Ukweli usemwe, hapo ndipo nilipompenda.

Mchana alisimamia mashine sita za kufuma nguo kwenye karakana ya mjomba wake. Mimi nilibaki uani na wanawake wenzangu tukizungusha uzi kwenye bobini, ndimi zikienda mbio kuliko magurudumu. Akija kula, alikaa mlangoni akijifanya anapuliza chai. Kumbe anasikiliza. Miezi miwili baadaye jarida la hadithi linafika kutoka Delhi, na ndani yake yumo jirani yetu Khairun, yumo na mkwe wake, na ule ugomvi wao wa sufuria umo wote, majina tu yamebadilishwa. Khairun hajui kusoma, nikamsomea.

"Dada Sughra," akasema, "huyu mwanamke mshenzi kweli. Watu kama hawa wapo?"

"Wapo," nikamjibu, nikageuza uso ukutani.

Hadithi zake zilipendwa. Barua zilimjia kutoka Patna, kutoka Hyderabad, hata ng'ambo ya mpaka kutoka Karachi. Alizisoma, akazikunja, akazitia kwenye kopo la biskuti, basi. Hazikumtuliza. Mjini kwetu mshairi ndiye mtu, na mwandishi wa hadithi ni mtu tu aliyesoma shule. Na mshairi hupimwa kwa neno moja. Akisoma ubeti ukawachoma watu, wanapaza sauti: "Mukarrar!" Yaani rudia, tunautaka tena. Kinyozi wetu aliwahi kupata mukarrar. Muuza mishikaki alipata tatu kwa mkao mmoja, akawa haongei na watu wiki nzima. Mume wangu, Baba Tayyaba kwa jina la binti yetu, hakuwahi kupata hata moja.

Tatizo lilikuwa vina vyake. Vilionekana vikija kutoka mbali. Akianza mstari, vijana wa nyuma wanaumalizia kabla yake, wote kwa pamoja, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Yeye naye alicheka. Ila akifika nyumbani alivua viatu polepole mno, na siku hizo sikumtania.

Alipotimiza miaka hamsini na minane, watu wa maktaba ya mtaa wakaamua kumfanyia hafla ya heshima, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, siku ambayo mashine zetu hupumzika. Mwenyekiti wao, Mwalimu Ishtiyaq, mshairi mkubwa mwenye ulimi wa pilipili, akaja kwetu mwenyewe kumpa habari.

"Bwana Tufani, siku hiyo utatusomea hadithi."

"Nitasoma shairi."

"Hadithi, bwana. Tunataka watu wabaki mpaka mwisho."

"Basi vyote viwili. Hadithi kwanza, shairi baadaye."

Mwalimu akapaza sauti kuelekea pazia la jikoni, nilikokuwa. "Shemeji, unamsikia mtu wako?"

"Mimi nimemsikia miaka yote hii, Mwalimu. Zamu yenu sasa."

Wiki nzima alishughulika na shairi lake jipya. Hadithi alishaiandika, akaifungia kwenye mkoba, hakunisomea.

"Mama Tayyaba, ubeti huu utaleta mukarrar?"

"Utaleta usingizi."

"Wewe mwanamke!"

"Haya, usome polepole, labda watashtuka."

Nilimchokoza hivyo, lakini nikiwa peke yangu nilimwomba Mungu ampe moja tu, hata ya huruma. Nilifika mahali nikamwendea Khairun, nikamsihi awaambie wanawe wapige kelele ya mukarrar. Akaona haya. "Dada, wanangu ndio wale wanaomalizia mistari."

Ijumaa ikafika. Ukumbi ulijaa, na sisi wanawake tukakaa upande wetu, nyuma ya pazia, kila mmoja na upenyo wake wa kuchungulia. Baba Tayyaba akasimama na koti refu jeusi, akafungua mkoba, akaanza hadithi.

Ilimhusu mke wa mfumaji na mtoto wao wa kwanza, wa miezi sita, aliyeshikwa na homa. Kabla hajageuza ukurasa wa pili nilishajua. Alikuwa Munir wetu, aliyetangulia Tayyaba. Huku kwetu mashine hugonga usiku na mchana, na watoto huzoea kulala ndani ya ule mgurumo. Kinachowaamsha ni kimya, umeme unapokatika. Siku Munir alipotutoka, baba yake alikuwa kazini. Nilimsimulia ilivyokuwa wiki moja baada ya mazishi, mara moja, kisha sikuitaja tena, naye hakuniuliza. Sasa nikasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake mbele ya mji mzima:

"Umeme ukakatika, mashine zikanyamaza, watoto wote wa mtaa wakaamka wakilia. Mimi nikainama juu ya wangu, nikimsubiri."

Khairun alinishika mkono, safari hii ameelewa ni nani. Kisha nikamwona Mwalimu Ishtiyaq akiinuka kwenye kiti cha mwenyekiti, kofia imekaa upande.

"Mukarrar," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Mukarrar! Mukarrar! Mbele, nyuma, hata nje kwenye ngazi. Kwa hadithi! Jambo hilo halijawahi kutokea Malegaon tangu mji uwepo. Wana wa Khairun walikuwa wamesimama juu ya benchi wakiita kuliko wote.

Nilimtazama mume wangu kupitia upenyo wangu. Midomo ilikuwa imefunguka, karatasi mkononi. Nilijua alivyoingoja siku hii. Nami nikakaza meno nijiandae kuyasikia tena, maana haki yake ilikuwa haki yake. Akainua macho, akalitazama pazia letu, ingawa hakuweza kuniona. Akaikunja karatasi.

"Nisameheni, mabwana," akasema. "Mwenye maneno haya aliyasema mara moja tu. Siwezi kuyarudia mimi."

Kisha akatoa shairi mfukoni akalisoma lote, beti tisa, na vijana wakamalizia kila kina kabla yake, naye akicheka pamoja nao. Nilisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, machozi yakinidondoka kidevuni, nikiwa nimeridhika kabisa na mume niliyepewa.