Betri Juani

Leo mwanangu ameanika betri za rimoti dirishani, na harufu ya chuma chenye joto imenirudisha Ifakara.

Baba alikuwa mpiga gita la roki wa enzi za suruali za bugaluu. Kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kushoto, gita lake lilibaki kwenye kaseti moja tu. Betri za redio zikichoka, nilikuwa nazianika uani, pembeni ya mpunga.

Siku moja sauti ya kaseti ilianza kuvuta kama ya mlevi, ikazama katikati ya solo.

"Kazianike," alisema.

"Mvua inakuja, baba."

"Kazianike tu, mwanangu."

Nje, mama na majirani walikuwa wakikimbizana kuanua mpunga. Niliinama katikati yao, nikazipanga betri moja moja chini ya wingu jeusi. Mama aliniona, akazikwepa betri, akapita na mpunga wake.