Mnara wa Matunda wa Mama Wayan

Mkiona nanyamaza kila mnapoanza habari za safari yangu ya Bali, msidhani naringa. Naona aibu tu, na leo naitoa yote mwenyewe, maana Kasulu nzima imeshaanza kuitangaza na nyongeza zake (eti nilitembea uchi hekaluni; sikutembea, nilisimama, na bukta nilikuwa nayo).

Nilipelekwa na mpango wa vijana wa kujitolea, mimi mtoto wa Kagerankanda niliyeishia kidato cha nne na kuota ndege tangu nachunga mbuzi, nikatua kwenye kisiwa chenye joto la kuivisha ndizi huku unaitazama. Kazi yetu ilikuwa kulima bustani ya mboga ya shule, na jioni tunapelekwa kuangalia mahekalu. Nilikaa kwa Mama Wayan, mjane wa maneno machache, na binti yake Kadek ndiye aliyetutafsiria, Kiingereza chake na changu vikichechemea pamoja njia nzima. Sasa nyie mnanijua, kukaa siwezi, miguu inawasha, mikono inatafuta cha kushika. Nikichukua ufagio, Mama Wayan ananinyang'anya. Nikikimbilia ndoo, ananionyesha kiti. Kwake mgeni anakaa barazani anakunywa chai, na mimi kunywa chai huku mama mtu mzima anahangaika uani kulinitesa kuliko jembe. Nilikuwa natamani siku moja tu aniite kama mtoto wa nyumbani.

Ikaja sikukuu ya hekalu la kijiji chao. Mama Wayan alishinda jikoni akipanga sadaka, matunda na vikeki vimechomekwa kwa vijiti, duara juu ya duara, mpaka ukawa mnara mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Vijana wa kujitolea waliotangulia, yeye hakuwahi kwenda nao hekaluni. Lakini jioni ile Kadek akaniambia, "Mama amesema kesho uje na sisi. Uvae kitambaa kiunoni, ufunge na mshipi, usimame tunaposimama. Usimwaibishe."

"Nimwaibishe mimi?" nikacheka.

Kitambaa sikuwa nacho. Kesho yake, chini ya ngazi za hekalu kulikuwa na vibanda vya kuviuza, nikamwuliza kijana mmoja bei, akataja, nikacheka kile kicheko cha sokoni kwetu, nikataja nusu yake, akatabasamu tu. Mimi mama yangu anauza maharage soko la Kasulu, nimekulia chini ya meza yake, dawa naijua: unageuka, unaondoka polepole, sikio umeliacha nyuma, na hujafika mbali unasikia "haya njoo kaka, chukua." Nikaondoka. Kimya. Nikapunguza mwendo. Kimya. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za kiatu (nilivaa ndala), nikachungulia, nikaona mwenzangu anakula wali wake kwa raha zake. Kurudi nikashindwa, maana kwetu ukirudi mwenyewe umeshapigwa. Nikakumbuka kwenye begi nina kitenge alichonipa mama nijifunike, nikakizungusha juu ya bukta, kona nikaichomeka kiunoni, mshipi nikasema wa nini.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ngoma za shaba zikaanza, na msafara wa wanawake ukapanda ngazi kuelekea lile lango lao lililo kama limekatwa katikati kwa msumeno, kila mmoja na mnara wake kichwani. Nikamwona Mama Wayan. Jasho linamtiririka, shingo imekaza, na mimi nimesimama pembeni mikono mitupu! Ni kama nilimwona mama yangu kule kwetu, anapanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi. Jamani, kwetu ukimwacha mtu mzima apite na mzigo hivyo, hata mpita njia atakuuliza umezaliwa na nani.

Nikachomoka.

"Lete mama, nikupokee," nikamwambia, kwa Kiswahili kabisa.

Akatikisa mkono, hapana, hapana. Na nyie mnajua hapana ya mzigo kwetu ni adabu tu, mama anasema "acha tu mwanangu, nimeshafika," wewe unasema lete, anayekubali kuacha ndiye ambaye hakulelewa. Nikavuta. Akashikilia. Nikasema moyoni, huyu mama ana adabu huyu, nikavuta zaidi, mnara ukaja, nikautua kichwani kwangu, mikono miwili juu, natabasamu.

Kitenge nacho kikaniaga.

Nilikisikia kinavyoteremka, polepole, kama kinanipa nafasi ya kuamua. Niachie mkono nikidake, mnara umwagike? Nikakiacha. Kikakaa miguuni, nikabaki na bukta ya mpira yenye kiraka cha bluu makalioni, nimeupa msafara mgongo.

"Mawe wee!" nikamwita mama yangu kwa Kiha.

Nikataka kuchuchumaa niuweke chini. "Usiuweke chini!" Kadek akapiga kelele. "Sadaka haikai chini!" Chungwa likachomoka, likashuka ngazi moja moja, watu wote wanalitazama. Halafu kicheko. Kilianzia kwa bibi mmoja asiye na meno na kikaenda mpaka kwa wapiga ngoma, wakapoteza mdundo.

Nikasikia mtu ananizungushia kitambaa kiunoni, anakaza na mshipi, kama navalishwa niende shule. Yule muuzaji.

"Bei ile ile, kaka?" akaninong'oneza.

"Yoyote," nikasema. "Taja yoyote."

Mama Wayan akachukua mnara wake. Hakucheka. Akaukagua pande zote, akasukuma keki moja mahali pake, akaingia langoni bila kunitazama. Mimi sikuthubutu kumfuata. Nikabaki nje, nakaa, nasimama, nazunguka jiwe moja, najiuliza nitaomba msamaha kwa lugha gani, na kama begi nitafungashiwa au nitafungasha mwenyewe. Muuzaji akanitazama, akauliza, "Kwenu wanaume hubeba kichwani?" Nikamwambia tulibeba maji tukiwa watoto. "Hapa ni wanawake," akasema kwa huruma, akanimegea wali.

Walipotoka, Mama Wayan akasimama mbele yangu, mnara ukiwa umeshaombewa. Akasema neno kwa Kadek.

"Anasema sasa pokea," Kadek akatafsiri, midomo ikimcheza. "Mikononi, siyo kichwani. Na anauliza kama umejifunga vizuri."

Nikapokea. Njia nzima nyumbani alitembea mbele yangu mikono mitupu, mabega yakitikisika, na nilipojua ni kicheko nikacheka na mimi, machozi yakinitoka.

Nikaapa kwamba mtu akisema hapana kwa mzigo wake, basi ni hapana. Nikarudi Kagerankanda, wiki hiyo hiyo mama akawa anapanda kutoka bondeni na mkungu, nikakimbia, nikasema lete, akasema acha tu mwanangu, nimeshafika. Nikaacha.

Mpaka leo anawahadithia majirani kwamba alizaa mtoto mzuri, wazungu wakamrudishia mwingine. Nimemweleza kuwa Bali siyo kwa wazungu, hasikii. Siku hizi naivuta tu mikungu yake hata akikataa, ila kwanza nakaza mkanda.