Ncha Mbili za Utepe

Habari hii hamtaiamini, na siwalaumu, maana hata mimi niliyeiona kwa macho haya mawili kuna siku huwa siiamini. Ni habari ya dada yangu Kapitolina, shangazi yenu, aliyezuia vita vya dunia kwa miaka kumi na sita kwa utepe wa chuma wa kupimia. Msicheke. Someni kwanza.

Kiwanda chetu, huku Urusi, kilitengeneza makombora, yale ya kubeba bomu la nyuklia. Mmarekani alikuwa na yake, sisi tuna yetu, na kila mmoja alilala jicho moja wazi, akihofu mwenzake ataamka mapema. Basi wakubwa wakatia saini mkataba: makombora yasizidi idadi fulani. Kwa kuwa hakuna aliyeamini neno la mwenziwe, Wamarekani thelathini wakaletwa kuishi langoni kwetu, wahesabu kila kinachotoka. Watu wetu nao wakapelekwa kwenye lango lao. Hayo yaliandikwa gazetini. Yasiyoandikwa niliyajua mwenyewe, maana nilikuwa dereva wa treni ya kiwanda, na hapakuwa na behewa lililotoka pale bila ruhusa yangu. Haya, labda machache tu.

Gari lolote lenye urefu wa kuweza kuficha kombora lilisimamishwa. Mmarekani alishika ncha moja ya utepe, mtu wetu akashika ya pili, kila mmoja akasoma namba kwa lugha ya mwenzake. Zikilingana, wanatia saini. Zisipolingana, wanapima upya, hata kama kope zinagandana kwa baridi.

Mtu wetu alikuwa Kapa, ndivyo tulivyomwita Kapitolina. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na ukimya mwingi. Upande wa pili wa utepe alikuwa Harlan, jitu refu lenye masikio mekundu kutoka Nebraska, ambako mwenyewe alisema kuna mahindi na upepo tu. Alifanya kazi wiki sita, akaenda kwao wiki sita. Kila mara alirudi.

"Mita kumi na nne na sentimita ishirini," alisoma Harlan kwa Kirusi chake cha kuokoteza.

"Sentimita kumi na nane," alijibu Kapa. "Vuta utepe, bwana. Umelegea kama suruali yako."

"Suruali imelegea kwa sababu huniletei perepech, vile vimkate vyenu vya nyama."

"Nikikuletea lazima iandikwe kwenye ripoti. Itasomwa Moscow, itasomwa na Washington."

"Waache wasome. Watashikwa na njaa."

Mimi juu ya injini nikapaza sauti, "Shemeji! Hujambo, shemeji?" Kapa akanirushia donge la theluji, likanipiga sikioni. Lakini alicheka, na tangu msiba sikuwa nimesikia kicheko chake.

Sasa, kanuni ilikataza ukaribu. Wangegundulika, yule angerudishwa kwao, huyu angefukuzwa kazi. Hilo Kapa angelivumilia. Lililomtisha ni kwamba kila hesabu waliyowahi kuitia saini pamoja ingetiliwa shaka, na kule juu wangeanza tena kulala jicho moja wazi. Ndiyo maana siku Harlan alipomuuliza, utepe ukiwa umenyooshwa kati yao ubavuni mwa behewa, hakumjibu.

"Kapitolina Yegorovna, mkataba ukiisha, utakubali nikuoe?"

"Shika vizuri. Tunapima."

"Sitaki jibu leo. Nipe siku ya mwisho. Na kama ni hapana, usihangaike kutafuta maneno. Nyamaza tu. Nitaelewa."

Kapa alisubiri miaka minne. Jikoni alijifunza kutamka "ndiyo" kwa Kiingereza, akiikanda kama unga, nami nikimdhihaki, "Dada, umesoma namba za Mmarekani miaka yote hii, leo kaneno kamoja kanakushinda?" Redio ikisema mkataba utaongezwa, aliguna: Harlan atabaki, jibu litangoja. Ikisema utakufa, aliguna tena: Harlan atakuwa huru, lakini nani atasimama langoni kuhesabu?

Mkataba ulikufa Desemba, saa nne asubuhi kwa hesabu ya lango letu. Lori la mwisho lilipimwa. Namba zililingana. Baadaye watu wakajaa kwenye chumba cha chai: maofisa, wapiga picha, mikono ya kupeana. Kila Kapa aliposogea, mkuu fulani alijipenyeza katikati na bilauri yake. Akajisemea, wakibeba mizigo nitakuwa kando yake, nitamwambia.

Ndipo Harlan mwenyewe, kwa kutuheshimu, akasema, "Tukae kwanza, kama ninyi mnavyofanya."

Mnajua desturi yetu. Kabla ya safari wote hukaa, wanaosafiri na wanaobaki, na hakuna anayefungua kinywa, safari isije ikaharibika. Harlan aliketi juu ya sanduku lake, akamtazama Kapa. Chumba kizima kilinyamaza.

Hapa niseme jambo nisilopenda kulisema. Baba yetu alipokwenda kusafirisha magogo mtoni, tulikaa hivyo hivyo, nami mtoto wa miaka mitano nikacheka. Nilimwona paka akianguka dirishani, nikacheka. Baba hakurudi. Mama hakunilaumu hata siku moja, lakini Kapa alikuwa pale, ameketi karibu nami, na aliusikia ule mcheko.

Basi Kapa aliukaza mdomo. Alimtazama Harlan kwa macho yote aliyopewa na Mungu, na neno alilolikanda miaka minne akalimeza, ili ndege ya mtu huyo ifike salama.

Mkuu wa zamu akainuka. "Haya, kwa heri ya Mungu."

Harlan akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu aliyesoma namba na kuikubali. Akabeba sanduku, akatoka. Anwani hatukuwa nayo, kanuni haikuruhusu kupeana anwani. Kapa alimwandikia barua akaipeleka ubalozini kwao, na hadi leo hatujui kama ilifunguliwa.

Lakini msilie bado, sijamaliza. Basi lao lilipofika kwenye njia ya reli, Kapa alichomoka bila koti, akakimbia kwenye theluji ya kufika kiunoni, akalitamka kwa ukelele lile neno lake, mji mzima ukalisikia, na Harlan akageuka, akabandika kiganja kwenye kioo, machozi yakamganda mashavuni, akamshika bega dereva akimwambia simamisha, sima—

"Prokopy." Ni Kapa. Ametoka jikoni, yuko nyuma yangu, ameyasoma yote. "Futa hapo. Sikukimbia. Na yeye hakugeuka."