Maji Niliyoyaonea Uchungu

Kaa hapa mkekani, mwanangu, chai inakuja. Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Hata leo, muuguzi akinipaka spiriti kabla ya kunichoma sindano, naiona meza ile, naliona jua la dirishani, na mkono nauvuta. Wauguzi hunicheka wakidhani naogopa sindano. Waache wacheke.

Mama yako amekutuma kwangu kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya kutunza maabara ya shule kule Kitangari. Kazi hiyo niliifanya mimi hapa Newala mpaka nikastaafu. Wewe umekua ukiambiwa kwamba mkono wa mama yako uliungua jikoni, eti alimwagikiwa na mafuta ya maandazi. Haikuwa jikoni. Uongo huo aliutunga yeye mwenyewe ili kunisitiri, akaniambia, "Siku mwanangu akiingia maabara, utamwambia wewe." Leo ndiyo siku yenyewe, na tangu alfajiri nimekuwa nikiogopa kusikia hodi yako.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mgeni huku juu. Kwetu ni Lisekese, Masasi, na kisima chetu kilikuwa nyuma ya nyumba. Maji kwangu yalikuwa kitu cha kuinama na kuchota. Nilipoletwa kazini huku Newala ndipo nikaona wanawake wakishuka bondeni alfajiri na kurudi jua limeshapanda, dumu kichwani, shingo zimekakamaa. Bomba la shule lilikuwa likitoa hewa tu. Kila mwanafunzi alikuja na dumu lake dogo la maji asubuhi, na asiyekuja nalo alirudishwa njiani.

Jambo hilo liliniuma. Nikawa mchoyo wa maji kuliko wenyeji. Hata vyombo vya maabara nilikuwa nikivisuuza kwa maji ya kiganja kimoja. Nilijiona nina huruma, mwanangu, na huruma yangu ndiyo iliyoniponza.

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Mwalimu wa biolojia alikuwa ameitwa Masasi kwenye kikao, akaniachia kidato cha tatu wafanye jaribio la jani: unalichemsha jani kwenye maji kidogo lilainike, kisha unalitia kwenye spiriti ya moto ili ukijani utoke, kisha unadondoshea ayodini kuona kama lina wanga. Tulichuma majani ya muhogo pale pale nyuma ya darasa. Kabla hajapanda gari, mwalimu aliniambia mara mbili, "Spiriti haikai juu ya moto. Chemsha maji kwenye sufuria, zima jiko, peleka jiko nje, ndipo uweke chombo cha spiriti ndani ya maji hayo. Maji ndiyo yapashe spiriti, moto usiione." Nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini lililovunjika siku ile halikuwa guu langu.

Vikundi vilikuwa sita, kwa hiyo sufuria sita za maji. Nikayatazama yale madumu yamepangwa ukutani. Mmoja wa wasichana aliyekaa mbele alikuwa bado anajisugua shingo. Alikuwa mwembamba, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima, na jina lake Somoe. Huyo ndiye mama yako. Nikasema moyoni, watoto hawa wametoka jasho kwa maji haya, nami niyamwage kwa ajili ya jani la muhogo? Nikawaambia, "Leo hatuchezei maji. Tutapasha spiriti moja kwa moja, moto mdogo, nitasimamia mwenyewe."

Somoe akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu, juzi tuliandika kwamba..."

"Umeandika, sawa," nikamkata. "Mimi ndiye ninayeshika chupa."

Nikamimina spiriti nusu bika, kile chombo cha kioo kinachofanana na glasi kubwa. Nikakiweka juu ya jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, utambi umeteremshwa chini kabisa. Nikamwita Somoe aje mbele ashike koleo, kwa sababu alikuwa makini. Nilimwita mimi.

Spiriti, ambayo kwenye lebo imeandikwa ethanoli, haina subira kama maji. Inatokota mapema zaidi, na kabla haijatokota imeshaanza kutoa mvuke, hata ikiwa imekaa tu mezani kwenye joto letu hili. Mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa, haupandi darini, unashuka ukingoni mwa chombo na kutambaa mezani kama nyoka anayetafuta shimo. Ukikuta utambi unaowaka, basi. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyasoma kwenye kijitabu nikayafaulia mtihani.

Nilisikia sauti kama mtu anayekung'uta shuka, mara moja tu. Sikuona moto. Jua lilikuwa likipiga mezani, na ndimi za spiriti ni nyepesi mno, kwenye mwanga wa mchana unaweza kuzitazama usizione. Niliona hewa inacheza juu ya bika, nikasikia nyusi zangu zinanuka kuungua. Badala ya kufunika chombo, nikashikwa na kiwewe, nikakivuta kwa kitambaa. Kikaegemea upande wa Somoe, spiriti ikammwagikia mkononi.

Mtoto yule alisimama akiutazama mkono wake wa kulia. Sweta lilikuwa linanywea lenyewe, linakuwa jeusi, wala hakuna mwali. Akasema polepole, "Mwalimu, naungua?" Aliniuliza mimi, kwa kuwa na yeye hakuuona moto. Kisha akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, namwomba Mungu nisilisikie.

Mwenzake mmoja alirusha kata ya maji mezani. Moto ukaruka na maji, ukakimbilia madaftari. Nilivua koti langu la pamba nikamfunga Somoe mkono mzima, nikamlaza chini, nikabana mpaka moto ukakosa hewa. Wengine walimwaga ndoo ya mchanga mezani. Mchanga tulikuwa nao, kwa sababu mchanga hauchotwi bondeni.

Halafu yakaanza maji. Nilikuwa nimesoma kwamba ngozi iliyoungua imiminiwe maji ya baridi, tena dakika ishirini, si kulowesha na kuacha. Nikafungua dumu la kwanza. La pili. La tano. Mtu akaja mbio na dawa ya meno ampake, nikamfukuza. Maji yote niliyokuwa nimeyaonea uchungu asubuhi yalipita juu ya mkono wa mama yako, yakaisha, na bado alikuwa analia. Wanafunzi wakakimbia nyumba kwa nyumba. Wanawake wa jirani walitoka na mitungi yao ya kupikia, hawakuuliza kitu, wakamimina. Gari lililokuwa likipakia korosho likamchukua hospitali.

Huko nilimkuta bibi yake, Bi Mwanahawa, ameketi chini kwenye korido, miguu ina vumbi jekundu hadi magotini. Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akauliza, "Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo, bibi."

"Basi ulikuwa unamwekea nani?"

Bibi akasema, bila kupandisha sauti, "Dumu la mjukuu wangu nililichota mimi. Yeye alilibeba tu kutoka nyumbani. Ungetuma mtu kusema hayatoshi, ningeshuka tena. Kushuka bondeni najua, nimeshuka tangu sijavunja ungo. Kumrudishia mtoto ngozi yake sijui." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha ndipo akasema, "Marahaba."

Mwanangu, nimeshatukanwa maishani, lakini hakuna tusi lililoniingia kama ile marahaba iliyochelewa.

Mama yako alipona. Vidole viwili havikunyooka, ndiyo maana humega ugali kwa vitatu, na ule mwandiko wake mzuri ukaishia pale. Hajanilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu kwa niaba yake.

Sasa nisikilize. Chupa ya spiriti ikiwa wazi, hakuna moto chumbani, hata cheche ya swichi, na madirisha yawe wazi. Ipashe kwa maji ya moto, jiko likiwa limeshatolewa nje. Toa ya kutosha jaribio tu, chupa kubwa uirudishe kabatini imefungwa. Ikishika moto usiivute wala usiikimbize, ifunike. Usimimine spiriti kwenye taa ya spiriti ambayo hujaifunika ikazimika na kupoa, kwa sababu macho yatakudanganya. Vaa miwani. Na atakayekuja na kikombe kuiomba spiriti anywe, akikwambia ni gongo la mabibo lililosafishwa tu, mfukuze, humo wametia sumu inayopofusha.

Na maji, mwanangu. Kabla hujafungua kabati, yaangalie maji. Yakiwa hayapo, hakuna jaribio, hata mkuu wa shule akikunja uso. Watoto wakinung'unika kubeba madumu, waache wanung'unike. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto akinyoosha mkono kukukumbusha, mwache amalize sentensi yake.

Ile ndoo ya bluu mlangoni ni yako, nimeinunua Jumamosi. Ijaze kila asubuhi, uiweke karibu na meza, na mtu akikuambia unapoteza maji ya watu, mwambie bibi mmoja wa Newala, bibi yake mama yako, ameshayalipia. Mungu akulinde macho na mikono, akupe woga wa kukutosha, na kila mtoto utakayemwita mbele ya meza arudi kwao kama alivyotoka. Nenda, na umsalimie mama yako. Mwambie nimekuambia yote.