Neno Lililonigharimu Mechi Tatu

Kujifunza neno moja la Kiswahili kulinigharimu mechi tatu, na karibu nahodha mmoja. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na bado ni hivyo.

Naikumbuka vizuri siku niliyoanza kazi. Nilikuwa kijana kutoka Laare, mji wa soko la miraa huku kwetu, nimepata kazi ya kufundisha timu ya mpira ng'ambo ya mpaka, kule Singida, Tanzania. Majaribio yalikuwa mechi nne. Nikipoteza zote, narudi nyumbani, ambako kanisa zima lilikuwa limeniombea na shangazi yangu ameshatangaza sokoni kwamba nafundisha timu ya taifa. Sikumrekebisha. Cheo hicho alikitaja mwenyewe, kama bei ya sokoni.

Sasa, kwetu Laare ukiongea polepole, mnunuzi anadhani miraa yako imelala tangu jana na majani hayatafuniki tena. Kwa hivyo niliingia uwanjani na sauti ya soko. "Wewe, kuja hapa. Leta mpira. Toa kiatu hiyo." Sikuwa na hasira hata kidogo. Ndivyo tunavyosalimiana.

Vijana wakanitazama. Nahodha, Saidi, akasema taratibu, "Sawa, mwalimu," nami nikafurahi kwamba nimepata timu yenye nidhamu.

Tukafungwa matatu. Wiki iliyofuata, mawili. Ya tatu nakumbuka lakini sisemi. Walicheza kama watu wanaosindikiza mgeni: mpira ukija, wanaupisha. Kisha Saidi akaacha kuja mazoezini, na kila nikiuliza naambiwa anaumwa.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Mama Rehema, aliyetupikia. "Mama, nipe chai."

Hakugeuka. "Nikupe? Kwani unanidai?"

"Sikudai, mama. Nataka chai tu."

"Basi omba, baba. Hapa tunaomba. Mume wangu nyumba ni yake, na chai anaiomba. Wale watoto umewaswaga wiki tatu kama ng'ombe. Saidi haumwi popote. Amekasirika."

Nilijaribu kupatana naye bei ishuke kidogo. Nikasema labda nitawaomba wale wakubwa pekee. Akasema bei ni moja: naomba, samahani na pole, kwa kila mtu, hata kipa wa akiba.

Nikatembea hadi kwa kina Saidi. Alikuwa nje anatengeneza baiskeli.

"Samahani, Saidi," nikasema, na sikuwahi kusema neno zito kama lile. "Naomba uje mazoezini."

Akazungusha pedali kitambo. "Kumbe mwalimu Kiswahili unakijua."

Mechi ya nne, wakati wa mapumziko, tulikuwa nyuma bao moja. Nikawaambia, "Jamani, naomba mumkabe yule namba tisa." Walicheka mpaka mwamuzi akaja kuchungulia. Tulishinda mawili kwa moja, la pili likiwa la Saidi. Nilikaa Singida miaka sita.

Nawe sasa umeitwa kufundisha Zambia. Basi sikia: ukifika ugenini, kabla hujawaonyesha watu mpira, kaa wiki nzima usikilize wanavyoombana chai. Mbinu zitangoja. Na ukimkosea mtu, usitume mjumbe, nenda mwenyewe hadi mlangoni kwake. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe wachezaji wenye masikio na mpishi mwenye mdomo.

Ila kabla hujapanda gari, nishauri na mimi jambo moja. Wale wasichana ninaowafundisha hapa Mitunguu, huku kwetu kwa sauti ya soko, nikisema "naomba mpira," wanaulizana kama nimeanza kuugua. Niwaambieje?