Suruali ya mwanajeshi

Ndani tulikuwa watano: baba, mama, mie mkubwa wa watoto, mdogo wangu chini ya kitanda, na mwanajeshi aliyekuja kumbeba baba kwa sababu alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Vita ilikuwa imeingia Kindu, na wageni waliobebwa hawakurudi.

Leo mjukuu ameunguza shati kwa pasi. Harufu ni ileile.

Mwanajeshi alikuwa amepasua suruali, na baba alikuwa fundi cherehani. "Shona kwanza, fundi. Ukimaliza, tunaenda." Akavua, akajifunga kikwembe cha mama, akakaa na bunduki magotini. Mama akapita mlango wa nyuma kumwita kaka yake, mkubwa wa mtaa.

Baba akashona polepole, kisha akaniita tushike pasi ya makaa.

"Bado?"

"Bado kidogo, mukubwa. Utatembea na makunyanzi mbele ya watu?"

Mara moshi. Suruali ikatoboka shimo kama kiganja. Mwanajeshi akasimama na bunduki.

"Mutoto huyu!" Baba hakuwahi kunifokea hivyo. Akaanza kukata kiraka.

Alikuwa angali anashona mjomba alipofika na wazee. "Huyu njo shemeji yetu. Mukimubeba, mutubebe wote. Na wewe utaenda na kikwembe hicho?"

Mwanajeshi akanyakua suruali yake, akaenda.

Baba alizeekea hapa, akabeba wajukuu mgongoni. Lakini nakumbuka mkono wake ulikuwa juu ya wangu, unakandamiza pasi. Mdogo wangu, wewe uliyeona kutoka chini ya kitanda, kama nimekosea, unirekebishe.