Gumzo la Magitaa kwenye Redio ya Mradi

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa mwendeshaji redio wa mradi mmoja wa maji na afya pale Garsen. Simu hazikuwa zimetufikia. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kisanduku cheusi kilichounganishwa na betri ya gari, kushika maiki na kuuliza vituo vyetu vingine kama bado viko hai. Tulikuwa na kituo Bura, kingine Kipini na kingine Kilelengwani. Kila asubuhi niliviita kimoja kimoja, vikanieleza dawa zilizopungua na pampu zilizokufa. Niliandika yote na kumpelekea meneja, naye akayaweka juu ya meza chini ya jiwe ili upepo usiyapeperushe. Sijui yalikwenda wapi baada ya hapo. Nadhani yalibaki chini ya jiwe.

Kwenye redio hatukuitana kwa majina. Amri ya meneja ilikuwa kila mtu aitwe kwa kituo chake, kwa hiyo tukageuka kuwa mahali. Mimi nilikuwa Garsen. Fundi wa pampu kule kwenye mashamba ya mifereji alikuwa Bura. Karani wa stoo ya dawa alikuwa Kipini, na muuguzi wa zahanati alikuwa Kilelengwani. Ilikuwa kawaida kabisa kusikia kwamba Kipini ana mafua au kwamba Kilelengwani amegombana na mkewe.

Mambo ya magitaa yalianza kwa bahati tu. Nilikuwa na gitaa la boksi nililorithi kwa mjomba, ambalo nilipigia kwaya ya kanisa letu Jumapili. Siku za kazi nililiweka nyuma ya kiti. Asubuhi moja Kipini aliniomba nisubiri atafute karatasi zake, na kwa kuwa Kipini alitafuta karatasi kama mtu anayechimba kisima, nikalichukua gitaa nikaanza kulikuna. Sikujua kwamba kiwiko changu kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha kusemea.

Nilipokiachia, sauti ya Kipini ilikuwa inasubiri.

"Garsen, dada yangu, hilo ni gitaa ama ni sufuria imeanguka? Ova."

Kabla sijajibu, Bura akaingia. "Hiyo ni gitaa. Lakini uzi ya tatu imelegea. Kaza kidogo. Ova."

Nilikaza. Alikuwa sahihi.

Basi ikatokea kwamba wote wanne tulikuwa na magitaa. Kipini alisema alilipiga la kwake tangu utotoni, akatumia mshipi wa kuvulia samaki kwa nyuzi nyembamba. Kilelengwani, ambaye hakuwa msemaji, alisema lake lilikuwa na waya za breki ya baisikeli, na kwamba mchwa walikuwa wamekula sehemu ya mgongo wake. Bura alisikiliza yote hayo kwa huruma.

"Mimi natumia nyuzi ya kutoka ng'ambo," alisema. "Na gitaa yangu inakaa ndani ya keki yake. Ova."

"Keki? Ova," Kipini aliuliza.

"Kesi. Sanduku yake. Hapa kuna kelele ya jenereta. Ova."

Tangu siku hiyo, ripoti za dawa na pampu zikimalizika, tulibaki hewani. Redio ile ilikuwa na taabu moja: anayebonyeza kitufe ndiye anayesikika, wengine wote wananyamaza mpaka aseme ova. Kwa hiyo Kipini alipiga kipande chake, akasema ova, nikajibu kwa kipande changu, nikasema ova, Kilelengwani akamalizia. Sauti zilifika zikiwa zimekauka kama dagaa, lakini zilifika. Bura hakupiga. Alisema redio inaua sauti, na gitaa kama lile haliwezi kupitishwa kwenye kisanduku cha mradi. Badala yake alitusahihisha. Alisema Kipini anakimbia. Alisema mimi nina kidole kizito. Alimwambia Kilelengwani kwamba anapiga vizuri kwa mtu mwenye gitaa lililoliwa.

Kati ya nyimbo tulizungumza. Mama mkwe wa Kipini alikuwa amekuja kutibiwa goti, akapona, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Bura alikuwa na mfereji uliojaa matope na mkubwa wa kazi aliyekuja kuutazama kwa miwani ya jua, kisha akarudi kwenye gari. Kilelengwani alikuwa na kiboko aliyeingia kwenye mahindi yake.

"Umemfanya nini? Ova," nilimuuliza.

"Nimemtazama. Ova."

Redio yangu ilikuwa na spika kubwa, na watu waliokuja kutuma salamu au kuuliza habari za wagonjwa walikaa kwenye baraza. Wengine walianza kuja bila kuwa na mgonjwa. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Muorma mrefu mwenye kikoi safi daima, ambaye alikuja mara ya kwanza kuuliza kama njia ya Bura ina maji ya kunywesha mifugo. Akasikia Bura na Kipini wakibishana kuhusu uzi wa tatu. Kesho yake akarudi na kiti chake.

"Hii mtu ya Bura," aliniambia kwa utulivu, "naongea sana. Hajapiga bado?"

"Bado."

"Haya. Mimi nangoja."

Meneja alipogundua, alibandika tangazo ukutani juu ya kichwa changu kuhusu nidhamu ya mawimbi. Tuliliheshimu tangazo hilo muda wote alipokuwa chumbani.

Kisha mvua kubwa zikaja, zile ambazo kila mtu aliziita El Nino hata kama hakujua maana yake. Mto Tana ukatoka kitandani mwake na kulala mashambani. Barabara ya Malindi ilikatika, na meneja, aliyekuwa amekwenda Malindi kwa kazi, akakwama huko huko, kwenye ofisi yenye redio kama yangu. Sisi tulifanya kazi kweli siku hizo, sitaki kusema vinginevyo. Tuliita mitumbwi, tuliomba dawa za kuhara, tulipeleka habari za watu waliokaa juu ya mapaa. Lakini kazi ikiisha, na nje kuna maji tu mpaka upeo wa macho, tulirudi kwenye magitaa.

Asubuhi moja sauti mpya ikakatiza katikati ya wimbo.

"Vituo vyote, hapa Malindi. Ova."

Alikuwa meneja.

"Nimewasikiliza tangu nifike huku," alisema. "Redio hii ni mali ya wafadhili. Si baraza la harusi. Nitachukua hatua kali sana." Hakusema ova, tukasikia anavuta pumzi. "Kilelengwani, huyo kiboko aliondoka? Ova."

"Alichukuliwa na maji, bwana. Pamoja na mahindi. Ova."

"Pole sana. Ova."

Mtu aliyenyimwa nyumba yake na mto huwa hana la kufanya, na meneja asiye na la kufanya hupata wazo. La meneja wetu lilikuwa hili: maji yakipungua, wafadhili watakuja kuona hasara, na sisi tutawapokea kwa wimbo wa kuhimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Tungeitwa kikundi cha sanaa shirikishi. Wimbo tuutunge hewani, kila asubuhi, na yeye atausimamia.

Kipini alichukua jukumu la maneno, maana kwao shairi si mchezo. Alileta beti zenye vina safi, kila kipande mizani nane. Meneja alizipenda, ila alitaka ndani yake mwingie maneno "maendeleo endelevu".

"Hayaingii, bwana," Kipini alisema kwa adabu. "Nimeyahesabu. Ni mizani tisa. Ova."

"Inayotakiwa ni ngapi? Ova."

"Nane. Ova."

"Basi hiyo moja iliyozidi nitaiombea kwa wafadhili. Andika tu. Ova."

Mfanyabiashara wa ng'ombe aliniuliza mizani ni kitu gani. Nilimweleza. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye amewahi kuuza ng'ombe kwa mtu kama huyo.

Maji yalipopungua na njia kukauka kiasi, wenzangu wakaja Garsen. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona. Kwa ile sauti nzito ya Kipini nilitarajia mtu mzima mwenye kitambi, akashuka kijana mwembamba aliyenyoosha kanzu yake mara tatu kabla ya kunisalimu. "Yeo ndiyo nimekuona kwa mato yangu, dada," alisema kwa lahaja ya kwao, na sauti ilikuwa ile ile. Kilelengwani alikuwa mkubwa kama mlango, na gitaa lake, lililozibwa mgongoni kwa bati la mkebe wa mafuta, lilionekana kama kitu alichomnyang'anya mtoto.

Bura alifika mwisho, kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi, sanduku jeusi limefungwa mgongoni. Alipolifungua sote tulisogea. Lilikuwa gitaa zuri kuliko lolote nililowahi kuliona, rangi ya asali, bila hata mkwaruzo. Alikaa akakaza nyuzi. Zilipokuwa sawa akazilegeza, akazikaza tena.

"Tuanze basi," nilisema.

"Ngoja kwanza ipoe. Imetoka kwa jua."

Lilipopoa akaomba tuzungumze kando, mimi na yeye, nyuma ya stoo.

"Dada," alisema, "mimi sijui kupiga."

Nilidhani ni utani. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hata kidogo?"

"Kukaza najua. Nilinunua kwa mtu alikuwa anahama. Ilikuja na kitabu. Nilisoma yote. Nikasema nitajifunza kabla mtu ajue, halafu nyinyi mkaanza kuniuliza uliza."

Nilitaka kukasirika, na nadhani nilikasirika. Nilikumbuka asubuhi zote nilizobadilisha vidole vyangu kwa amri yake. Lakini alisimama pale, mtu mzima mwenye matope usoni, akisubiri nimwambie arudi Bura, na sikuweza. Nilimwambia akae katikati yetu, ashike gitaa na agonge ubao wake polepole kama ngoma. Nilipomnong'oneza Kipini, hakushangaa.

"Nilijua kitambo," alisema. "Mpigaji hawezi kunyamaza vile. Angepasuka."

Jua lilizama kabla hatujafanya mazoezi. Kesho yake, siku ya wageni, uwanja mbele ya ofisi ulijaa. Wafadhili waliketi chini ya turubai wakijipepea kwa ripoti. Meneja alihutubu mpaka kivuli cha turubai kikahama kutoka kwa wageni. Kisha akatutangaza.

Kipini alipiga kipande chake vizuri sana, akaacha, akanitazama. Nikapiga changu, nikaacha, nikamtazama Kilelengwani. Kilelengwani alipiga chake, akaacha. Hapo ndipo sote tulipotambua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: hatukuwahi kupiga pamoja hata siku moja. Tulijaribu. Kipini alikwenda mbio, mimi nikaburuta, Kilelengwani akatusubiri tumalize. Bura aligonga ubao kwa mwendo wake peke yake. Tulipofika kwenye maendeleo endelevu kila mtu alitupa ile mizani ya tisa mahali tofauti, na wimbo ukafa.

Meneja alipiga makofi peke yake. Wageni hawakujua kama tumemaliza.

Yule mfanyabiashara wa ng'ombe akasimama kutoka kwenye kiti chake.

"Wacha nyimbo," alisema. "Sisi hatukuja kwa nyimbo. Ongea."

Watu wa barazani wakaitikia. Mwanamke mmoja akauliza mama mkwe wa Kipini amerudi kwao au la. Mwingine alitaka kujua, katika hawa, ni yupi mwenye kiboko. Kipini alinitazama, akashusha gitaa, akasema bado yupo, na sasa goti la pili limeanza kuuma. Uwanja ukacheka. Bura akasema mtu anayemnywesha mgonjwa maji ya mto bila kuyachemsha asilalamike mgonjwa akibaki. Kipini akajibu kwamba yeye huyachemsha, na huyo mama ndiye anayeyapoza kwa kuongezea ya mtoni. Kilelengwani, ambaye kila wiki aliwatibu wanywao hayo maji, akasema maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima, yote kuhusu kuhara, na hakuna aliyeondoka. Lakini aliyeng'ara alikuwa Bura. Bila gitaa mkononi alikuwa fundi mkubwa. Alibishana, alikubali, alijigeuza, na watu walimfuata kama wanaofuata mpira.

Meneja aliwatafsiria wageni. Nilimsikia akitafsiri kiboko kuwa changamoto zinazoikabili jamii. Wageni waliandika.

Tulisifiwa sana katika ripoti, nikaambiwa, kwa mbinu mpya. Haikusaidia. Muda wa fedha ulipokwisha mradi ulifungwa, redio ikapakiwa kwenye gari pamoja na betri, na ofisi ikawa duka la mbegu. Kilelengwani alihamishiwa zahanati nyingine. Kipini alirudi kwao akafungua duka lake la dawa.

Bura alikuwa amebaki Garsen siku chache baada ya sherehe kwa sababu pikipiki ilikataa kuwaka. Tulikaa nyuma ya stoo nikamfundisha. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Vidole vilimtoka malengelenge, na kila alipokosea alinieleza kwa nini kitabu hakikubaliani nami. Alipoondoka alikuwa ameshika mwanzo wa wimbo mmoja wa kanisa, na alimshukuru kila mtu isipokuwa mimi.

Miaka kadhaa baadaye nilialikwa harusi Hola. Kwenye kona ya ua kulikuwa na watu watatu wanapiga, na mmoja alikuwa yeye, ameanza kuota mvi. Hakuwa mpigaji mzuri. Alichelewa kubadilisha vidole na aliimba kwa sauti ya juu mno. Lakini watoto walikuwa wanaruka mbele yake, na yeye alikuwa amefumba macho kabisa. Sikumkatiza. Nilichukua sahani yangu ya pilau, nikatafuta mahali pa kukaa karibu, nikala nikimsikiliza.